Namba Isiyorudi Nyuma

Miaka ile mvua ya Kericho ilikuwa na adabu: ilinyesha saa nane mchana, na kila mtu alijua. Lakini siku ya mwisho ya maonyesho ya kilimo, mwaka 2019, ilifika saa sita bila kumwarifu mtu, ikawafagia watu wote wa uwanjani hadi ndani ya mahema. Ndivyo Chepngeno wa kijiji cha Boito alivyojikuta mbele ya meza ya Naftaly, amevaa gauni la kijani, sweta ya manjano na raba nyeupe zilizopakwa tope jekundu.

Naftaly alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa mjini, wazazi wake walihamia kutoka Murang'a. Siku hiyo alionyesha Kikapu, app aliyoitengeneza mwenyewe ili mkulima aone kilo za majani chai alizopeleka kituoni.

"Wewe ndiye mwenye hii?" Chepngeno akauliza, akiinua simu yake.

"Ndiye mimi. Karibu, madam."

"Simu yangu inasema toleo la 1.4. Iphone ya binamu yangu inasema 1.2. Kompyuta ya karani wetu wa kituoni, 1.1. Sasa tuamini ipi?"

Watu waliojibana hemani wakacheka. Naftaly akajikuna kichwa. "Nabadilisha kwa mkono, kila moja na faili yake. Wakati mwingine nasahau."

"Unasahau! Na wewe ndiye fundi."

"Basi njoo uwe unanikumbusha."

"Nikija utaniita madam kila siku?"

"Nitakuita vile utapenda."

Akaja. Alikuwa amesomea kompyuta chuoni, na jambo la kwanza alilofanya ni kuandika namba ya toleo katika faili moja tu, akazielekeza Android, Iphone na kompyuta zote zisome hapo. Tena kila toleo lilikuwa na namba ya pili, ya ndani, iliyoongezwa moja moja: moja, mbili, tatu. Hiyo ndiyo ambayo duka la programu huitazama. Likishapokea namba fulani, halipokei tena iliyo ndogo kuliko hiyo. Chepngeno aliitunza namba hiyo kama mtu anavyotunza kitalu, na chini ya kila moja aliandika mstari: "37. Kilo za Jumamosi sasa zinaonekana."

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la misumari. Ilinukia rangi na chai ya tangawizi. Wale waliowahi kupanda ngazi zile watakuambia kwamba kicheko ndicho kilichokuwa kinakupokea kabla ya mlango. Wikendi Chepngeno alirudi Boito, na simu ndiyo iliyobaki kazini.

"Halo, Bwana Fundi. Umekula?"

"Nimekula wali baridi."

"Tena? Aki wewe! Huwezi kupasha chakula?"

"Nangojea mwenye kupasha."

"Ngojea basi, na njaa yako."

Machi 2022, Jerusa, mama yake Chepngeno, aliteleza katikati ya michai akavunjika mguu. Chepngeno akaenda nyumbani kumuuguza. Naftaly akabaki na toleo jipya la kutoa. Namba ya ndani iliyofuata ilikuwa 214. Aliitazama sana. Kisha akaandika 20220416, yaani tarehe kumi na sita Aprili, Jumamosi ya Pasaka, siku aliyotaka kupeleka wazee wake Boito kuposa. Aliwaza jinsi mpenzi wake atakavyoiona, acheke, labda alie kidogo. Akabonyeza.

Simu ililia kesho yake asubuhi.

"Naftaly, ni nini hii umefanya?"

"Umeiona?"

"Milioni ishirini! Tulikuwa mia mbili na kumi na tatu!"

"Ni tarehe, mpenzi. Ya wazee kuja kwenu."

Jogoo akawika upande wa Boito.

"Uliniuliza lini?"

"Si ndiyo nakuuliza?"

"Hapana. Umeniandika. Tena mahali hapafutiki. Nikikataa, simu ya kila mkulima itabeba hiyo siku milele. Na mama yangu amelala hapa na mguu, hata hujauliza ameamkaje."

Akakata.

Jumamosi ya Pasaka ikapita, suti za wazee zikining'inia zimepigwa pasi. Chepngeno akapata kazi katika ofisi ya ushirika mmoja wa maziwa, Bomet. Naftaly akaendelea peke yake, 20220417, 20220418, akiongeza moja moja. Hakuwahi kumruhusu mtu kukalia kiti cha dirishani alichokuwa anakalia Chepngeno.

Agosti 2024 alivaa koti la kijivu akaenda Bomet. Wafugaji walikuwa wamejaa na mikebe yao ya maziwa. Chepngeno alikuwa nyuma ya kaunta, sasa ana miwani. Naftaly akaketi kwenye benchi lililokuwa mbele yake.

"Umekuja kuuza app?"

"Nimekuja kuuliza mama ameamkaje."

"Anatembea. Anapiga kelele kuliko zamani."

"Nimefikiria, Chepngeno. Naweza kusajili Kikapu upya, kwa jina lingine. Tuanze na moja. Ile namba ife."

"Na wakulima?"

"Watoe ya zamani, waweke mpya."

"Wazee wa Boito? Nusu yao watapotelea hapo katikati."

"Najua. Lakini ilikuumiza."

Chepngeno akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa. "Iache. Imeshafika huko, iendelee kutoka huko. Lakini usiniandike tena kabla ya kuniuliza."

"Basi nakuuliza."

"Uliza vizuri. Simama."

Naftaly akainuka kwenye benchi. "Sema kwa sauti, kijana," mzee mmoja mwenye mkebe akamhimiza. "Wengine wetu masikio yamezeeka."

"Chepngeno, utakubali nije kwenu na wazee wangu?"

"Lini?"

"Siku utakayotaja wewe."

Chepngeno alichukua simu, akapiga, akaiweka sauti ya juu.

"Mama, Jumamosi uko nyumbani?"

"Nitaenda wapi? Kwani kuna nini?"

"Kuna wageni wanatoka Kericho."

"Wa kuangalia ng'ombe?"

"Hapana, mama. Wa kuniangalia mimi."

Sauti ya Jerusa ikarudi, taratibu. "Na wewe, wamekuuliza?"

"Wameniuliza," Chepngeno akasema, macho yake kwa Naftaly. "Nimekubali."