Sahani ya Shimo

Nyuma ya sauti ya bosi kwenye simu kulikuwa na kitu kinatafuna. Taratibu, mdomo wazi, kama ng'ombe anayecheua. Agatha alikuwa kibandani kwake Kewanja anakaanga chapati, akadhani ni mtandao tu.

"Mama Jenipha, njoo," Nchagwa alinong'ona. "Vijana wamegoma kushuka. Shimo linaomba chakula."

Agatha akaelewa. Miaka yote aliyowapikia wachimbaji dhahabu wa Nchagwa kule Nyamongo, sahani ya kwanza, isiyotiwa chumvi, aliiweka mdomoni mwa shimo kabla mtu hajagusa tonge. Alipoaga akafungue kibanda chake, mpishi mpya akaona huo ni upuuzi, akaacha.

"Mwambie alipe," alisema mumewe, Athanas. "Si uliacha kazi? Na pikipiki yangu haitumii maji."

"Naona aibu, baba Jenipha. Mtoto alipolazwa, nani alisimama na sisi? Nakwenda kumsaidia tu."

Jamani, kuna huruma ya kumponza mtu! Akaenda, Athanas akimpakia kwenye pikipiki.

Jua lilikuwa la utosi, lakini mdomoni mwa shimo palikuwa na baridi na harufu ya damu mbichi. Agatha akapiga magoti, akaweka ugali, na alipotaka kurudisha mkono kitu kikaushika kutoka gizani, vidole laini kama vya kichanga, visivyo na kucha, vikampapasa kiganja, vikapanda hadi kwenye kiwiko, vikitafuta, mpaka sauti ya kitoto ikauliza: "Nani kakulipa?"

"Sijalipwa," Agatha alijibu. "Nimekuja bure."

Vidole vikamwachia. Shimo likatulia, wachimbaji wakashangilia, Nchagwa akatoa pochi, na Agatha akakataa katakata.

Njiani mkono ukamfa ganzi. Athanas akageuza pikipiki moja kwa moja hadi Kerende, kwa mganga, Bibi Waisiko. Bibi aliposikia akashika kichwa.

"Umefanya nini, mwanangu? Mpishi hulipwa akaenda zake. Anayelisha bure ni mama! Mpigie bosi wako sasa hivi. Ujira huo uupokee kwa mkono wako mwenyewe, usipitie kwa mtu, la sivyo hicho kitu kitahesabu kwako ndio kwao."

Agatha akapiga. "Bosi, nimebadili mawazo. Nilipe."

Nchagwa akacheka. "Ondoa wasiwasi, nimeshampa mwanao."

"Jenipha yuko nyumbani!"

"Huyu wa kiume. Nimemkuta pale shimoni, akasema mama kamtuma. Mtoto ana adabu, ila mikono yake baridi, jamani."

Agatha hakuwa na mtoto wa kiume.

Athanas aliendesha kama kichaa, Agatha nyuma yake akimtaja Mungu na kumlilia mwanawe, akiutwanga mgongo wa mumewe kwa ule mkono mmoja uliobaki na hisia, wakapita sokoni bila kupiga hata honi, wakakanyaga nyanya za watu, mpaka uani kwao, ambako jirani yao Sarah alikuwa anaanika nguo bila wasiwasi wowote.

"Punguzeni kelele," Sarah akasema. "Wanao wameshakula, wamelala."

Agatha akasukuma mlango. Jenipha alikuwa kitandani, macho wazi, amejibana ukutani kumpisha mtu. Kando yake godoro lilikuwa limebonyea.

"Polepole, mama," mtoto akanong'ona. "Usimwamshe kaka. Amesema akiamka tunaenda kwao, kule chini."