Njia Ambayo Nesi Hakuitaka

Jioni ile nilikwenda kwa Nesi kumalizia anga tu. Kazi ya nusu saa. Mwanangu wa miaka sita, Kifaranga, nilimwacha na mshonaji wa mlango wa pili, ambaye huwa anamlisha na kumlaza nyumbani kwangu nikichelewa.

Mimi nachora mandhari kwa rangi za mafuta. Nesi, mstaafu anayeishi peke yake mwisho wa mtaa, alitaka bonde lililo nyuma ya nyumba yake, kama linavyoonekana kwenye dirisha la chumba cha kulala. Nikajiuliza, mwenye bonde zima dirishani picha ni ya nini? Tena dirisha lenyewe lilikuwa limepigiliwa mbao. Alibandua mbili tu, nipate kuona.

Mimi siamini watu kirahisi. Huyu nilimshuku tangu salamu.

“Chora kila kitu, mwanangu,” aliniambia siku ya kwanza. “Mto, msitu, kilima. Ila ile njia usiichore.”

Njia yenyewe ilitoka msituni, ikateremka kilimani, ikaja moja kwa moja hadi chini ya dirisha. Ilikuwa nyekundu, imekanyagwa sana, na siku nzima sikuona mtu akiipita.

“Kwa nini, Mama?”

“Usiichore tu.”

Fundi yeyote wa mandhari atakwambia kwamba njia ndiyo inayoliingiza jicho kwenye picha. Na mimi ukinikataza kitu bila sababu, umenichokoza. Alipokwenda jikoni kuchemsha chai, nikatoa kibao kidogo cha majaribio, maana huwa nachora dogo kabla ya kubwa. Nikaiweka njia. Yote, kutoka msituni hadi ukingo wa chini. Nikakibeba rangi ikiwa mbichi, nikakitundika nyumbani, juu ya kitanda tunacholala mimi na Kifaranga.

Sasa ilikuwa siku ya tatu. Picha kubwa ilikuwa karibu kwisha, na njia haimo. Nesi alisimama nyuma yangu muda wote, lakini hakuitazama picha. Alitazama nje. Giza likaanza kuingia bondeni.

Kisha nikasikia...

Pa. Pa. Pa.

Miguu mitupu kwenye tope. Na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

“Mama... kuna mtu nje?”

“Anaondoka,” Nesi alinong’ona.

Kweli, hatua zilikuwa zinakwenda, haziji. Zilipanda kilima mpaka zikapotea. Nilipogeuka, Nesi alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtoka. Nikakusanya brashi zangu mbiombio, hata moja nikaiacha.

Nyumbani, mshonaji alikuwa amekaa barazani na kofia ya kufuma mapajani.

“Mtoto kalala zamani,” akasema. “Hajasumbua.”

Nikamshukuru, nikaingia. Mle ndani siku zote hunuka tapentaini ninayofutia rangi. Usiku ule mlinuka tope.

Nikawasha taa, nikaitazama picha ndogo. Kwenye ile njia, rangi ilikuwa imebonyea. Nikasogea. Zilikuwa nyayo. Zile za juu, karibu na msitu, ndogo kama punje ya mchele. Za katikati kama harage. Za mwisho, ukingoni chini, zilitosha dole gumba langu.

Zote zilielekea kwangu.

Sikufikiri. Nikachovya kitambaa kwenye tapentaini, nikafuta. Nikafuta njia yote mpaka kibao kikabaki cheupe. Hapo ndipo nikapumua. Nimekuwahi, nikasema moyoni.

Nikainua chandarua.

Kifaranga alikuwa macho, amejibana ukutani. Upande wangu wa kitanda ulikuwa umebonyea. Shuka lilikuwa limelowa rangi nyekundu.

“Mama,” akanong’ona, “mwambie asogee.”

“Nani?”

“Anasema ametembea sana.”

Nilimbeba mwanangu tukalala jikoni, chini. Alfajiri nilipoamka, alikuwa amejibana ukutani tena, na mkeka ulikuwa umelowa.

Nikaenda kwa Nesi mbio. Dirisha lilikuwa wazi, mbao zote zimeng’olewa, na ameanika mito ya kitanda juani. Nyuma yake bonde lilikuwa kijani tupu. Pale palipokuwa na njia, nyasi zingenifika magotini.

“Ulichora dogo kwanza,” akasema. Hakuniuliza.

“Nani kakwambia?”

“Mafundi wote mnachora dogo kwanza. Na ukikatazwa, unachora. Nilikusoma siku ya kwanza.”

Nilitaka kumkaba.

“Mtoe!”

“Njia iko wapi?”

“Nimeifuta.”

“Kabla hajafika, au baada?”

Nikamwonyesha vidole vyangu, bado vina rangi nyekundu ya shuka.

“Basi hana pa kurudia,” akasema, akakaa kitako kama mtu aliyechoka. “Hapigi, hang’ati. Analala tu ubavuni mwa mtu. Mume wangu alilala naye mwaka mmoja, akaisha. Mimi nikajifunza kulala nimekaa. Mtoto hataweza, mwanangu. Mchoree njia nyingine. Iishie ukutani kwa mtu mwingine. Na iwe mbichi, maana ikikauka hapiti.”

Yeye ni nani, alitoka wapi, Nesi hakusema, au hakujua. Wiki iliyofuata alihama.

Hiyo ni miezi miwili sasa. Gauni la shule la Kifaranga limepunguzwa mara tatu. Mshonaji ndiye anayelipunguza, na hataki hata asante. Kila mara anamshika mtoto kiuno na vidole vyake, ananitazama, haulizi.

Juzi aliingia kwangu akakuta picha mpya. Kilima, msitu, mto unaong’aa. Na njia nyekundu inayoteremka hadi ukingo wa chini. Sijawahi kuchora njia nzuri kama ile.

“Jamani, hii nzuri!” akasema. “Mama yangu angeipenda. Yuko kitandani tu, hana cha kutazama.”

Nilitaka kumwambia. Naapa nilifungua mdomo. Kisha Kifaranga akakohoa chumbani.

“Ichukue,” nikasema. “Itundike juu ya kitanda chake. Leo leo, kabla haijakauka.”