Nikahi Kabla ya Jumatatu

Tangazo kwa wakubwa na wadogo! Msimulizi wa kisa hiki ni mtu wa heshima, amesoma shule ya bweni, wala hajapata kutega sikio mlangoni pa mtu. Kila neno lililomo humu limepatikana kwa njia safi. Mwenye shaka na aende zake sasa, kabla Mahfudha hajaanza kulia.

Maana alikuwa karibu.

"Tufunge nikahi Ijumaa," alisema Aidarus, mtoto wa ami yake Mahfudha, kutoka upande wa pili wa pazia.

"Na kesi yangu ni Jumatatu," alijibu Mahfudha.

"Ndiyo maana."

Katika chumba cha pili Bi Mwanaesha, mamake Mahfudha, alikohoa kuwakumbusha kwamba yupo.

"Bin ami, miaka mitatu nangoja ulete posa. Leo ndiyo waileta, mbio mbio hivi?"

"Wakili asema mume halazimishwi kutoa ushahidi juu ya mkewe. Na shahidi wao ni mimi peke yangu."

Mahfudha alikuwa akiunganisha simu hapa mjini, mwaka huo wa 1966. Siku ya kwanza ya kazi aliapa: ukishawaunganisha watu wawili, funga swichi, ya watu waachie wenyewe. Lakini asubuhi moja alisikia jina la Aidarus, seremala aliyekuwa akinunua msumeno wa mashine, na mkono ukakataa kufunga. Mtu aitwaye Hadi, muuza mashine wa Mbaraki, alikuwa akicheka na rafikiye: "Shafti inayozungusha msumeno imepasuka, tumeipaka rangi. Yule seremala wa Makadara hatajua mpaka siku imkate mkono."

Mahfudha akamwambia Aidarus. Aidarus, mtu asiyejua kuzunguka, akamwendea Hadi akamrudishia maneno yale yale, rangi na yote. Hadi hakuhitaji kupiga ramli kujua yalikotoka. Akaenda polisi. Mahfudha akashtakiwa kwa kusikiliza simu ya watu na kuitoa siri.

"Na usiponioa, utasema nini kizimbani?"

"Nitashika Msahafu. Wanijua."

"Nakujua. Utasema yote, hata rangi ya buibui niliyovaa."

"Buibui zote nyeusi, Mahfudha."

Alicheka bila kupenda.

"Basi nisikize. Sitaki kuolewa kwa kumkimbia hakimu. Watakaponiita mke wa Aidarus, wajue nilipendwa, sikufichwa."

"Wakikufunga je?"

"Mikono yako miwili ipo?"

"Ipo."

"Basi nimeshalipwa."

Jumatatu, kizimbani, Mahfudha alikiri kabla shahidi hajaitwa.

"Ulijua ni kosa?" aliuliza hakimu.

"Nilijua, bwana."

"Ungerudia?"

Wakili akafumba macho.

"Ningerudia. Ila safari hii ningekuja kujishtaki mwenyewe."

Hakimu hakutabasamu, ingawa masharubu yalimcheza.

"Nia njema haifuti kosa, binti. Watu wana haki ya kusema kwenye simu bila ya sikio la tatu."

Akamtoza faini ya shilingi mia tatu. Kazi nayo ikaenda. Hadi alipoinuka kuondoka kifua mbele, askari akamgusa bega kwa adabu: walitaka awaeleze habari za ile rangi.

Alasiri hiyo Aidarus alirudi nyuma ya pazia lake.

"Leo hakuna kesi wala wakili," alisema. "Nina mikono hii tu, na kila ishikapo patasi nakushukuru. Wanikubali?"

Mahfudha alisogea karibu na pazia.

"Nakubali, bin ami. Nami nakushukuru kwa kutojua kusema uongo. Lakini ngoja... Mama! Mbona lile pazia la mlango wa ghala lina miguu?"

Bi Mwanaesha alilivuta kwa mkono mmoja.

"Mwanakuu! Dadako hata risiti ya faini haijakauka wino!"

Basi nakiri. Ni mimi, mdogo wake, niliye likizoni. Nilikuwa nyuma ya pazia hilo siku zote mbili alizokuja Aidarus, na lile tangazo la mwanzo nalifuta. Nilikiri mara moja, kama dada, nikitumaini huruma.

"Nia yako ilikuwa njema?" aliuliza Mahfudha, kwa sauti ya hakimu.

"La. Ilikuwa ya umbeya."

Nilihukumiwa kukuna nazi zote za wali na vyakula vya harusi, arubaini na tatu. Vidole viliniuma juma zima. Lakini nikahi ilifungwa kwanza, karamu zikafuata; na kila nilipotazama ukumbini, nikawaona wamekaa pamoja bila pazia, nilisema alhamdulillahi na kuchukua nazi nyingine.