Mlango Uliomnyonga Nsimire

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mkazi wa Nguba hapa Bukavu. Mkono wangu wa kushoto haunyooki tena. Mkiniona sokoni msiniulize nilianguka wapi... Nilivunjwa na rafiki zangu mwenyewe, kwa sababu ya mume wangu!

Kabla ya kuolewa nilikuwa mbebaji, mmoja wa akina mama wa ufukweni mwa ziwa. Nilipandisha makaa na mananasi yaliyoshushwa na mashua kutoka kisiwa cha Idjwi, mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mwili umeinama. Nsimire ndiye aliyenifundisha kufunga ile kamba. Tulikula sahani moja.

Mume wangu ni injinia. Wenye mashua walimpa kazi ya kujenga gati jipya. Walitaka mlango wa vyuma vinavyozunguka, abiria wapite mmoja mmoja, asitoroke mtu bila kulipa. Wakamwambia pia awaulize wabebaji mahitaji yao, maana nao wangepita hapo.

Hakukanyaga ufukweni kuwauliza! Jioni moja nilikuwa ninapakua bugali, akasimama kwenye mlango wa jikoni akiupima kwa mikono. "Mama Ishara, mutu anaweza pita pa nafasi kama hii?" Nikamjibu, "Anapita bila shida." Aliniuliza mtu... hakuniuliza mtu na mzigo wake! Ningejuaje?

Siku ya kufungua gati nilikwenda kumshangilia. Mashua ilipofika, wabebaji wakajitwisha haraka kama kawaida yao. Nsimire alitangulia. Vyuma vikaubana mzigo. Alipojivuta, kamba ikateleza kutoka kwenye paji hadi shingoni!

Waliomfuata hawakuona kitu, maana mbebaji aliyeinama huona visigino vya mwenzake tu. Wakasukuma. Walinzi wakadhani ni fujo, wakaanza kuwapiga marungu ya kichwa. Damu, mayowe... Nilinyakua kisu cha muuza nanasi nikaikata kamba, lakini Nsimire alikuwa amekwisha kufa. Macho yake yalikuwa wazi, Mungu wangu!

Mawe yakaanza kuruka. Watu wakapaza sauti wakiuliza ni nani aliyeulizwa kuhusu mlango ule. Mume wangu akaogopa, akaninyooshea kidole. "Bamama tuliisha bauliza! Bibi yangu alibasemea, naye alikuwa mubebaji!"

Kweli, kikulacho ki nguoni mwako!

"Weye njo ulitusemea?" alilia dada yake Nsimire. "Ulituuzisha!"

Wakanirukia. Jiwe lilinipasua mdomo. Mtu akanipiga mkono kwa gogo la kuni, nikausikia mfupa ukikatika. Nikiwa chini, nilimwona mume wangu akipanda gari la wenye mashua, akaondoka...

Alikuja hospitali na sabuni na ndizi. Nikamuuliza kwa nini aliwaambia kwamba mimi ndiye niliyewasemea.

"Weye ulikuwa mubebaji," akasema. "Niliona inatosha."

Nilimtemea mate yenye damu. Ndoa yetu iliishia kwenye kitanda kile.

Mlango ule ulikatwa, sasa pale ni wazi kabisa. Wabebaji wanapita na mizigo yao, lakini hakuna anayenisalimu. Niwalaumu? Walizika mtu!

Ninyi mnaojenga vitu vya watu, nawasihi, msichukue jibu la mmoja mkalifanya la wote. Mwendeeni mwenye mzigo, mumwone akiwa ameubeba. Nanyi akina mama, mkiulizwa mambo ya wengine, hata na mume, msijibu harakaharaka kama mimi. Ningesema tu, "Ngoja nikuitie Nsimire," leo angekuwa hai. Alikuwa anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu.