Kutu ya Upande Mmoja

Mwili wa Aminieli, mlinzi wa shule, ulikutwa asubuhi mtaroni, kwenye barabara inayoshuka kutoka hospitali ya Nkoaranga. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika. Suruali ilikuwa na chembe za rangi ya kijani. Lakini kilichomshughulisha Inspekta Najat ni viganja: vilijaa udongo na nyasi zilizong'olewa.

"Hakufa papo hapo," alisema. "Alijaribu kutambaa."

Gari la kijani pale kitongojini lilikuwa moja tu, la Sifaeli, dereva wa watalii. Kesho yake Najat, akiwa na Koplo Twahir, fundi wa karakana ya polisi, alimkuta nyumbani, kando ya migomba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Karibu." Alinyoosha mkono, ukapita pembeni ya mkono wa Najat.

"Gari hili ulilitumia lini mara ya mwisho?"

"Tangu masika halijasogea. Beringi ya mbele imeganda kwa kutu. Lisukumeni muone."

Wakalisukuma. Tairi la mbele kushoto halikuzunguka hata kidogo. Bampa lilikuwa limebonyea.

"Hiyo ni ya zamani," Sifaeli alisema kabla hajaulizwa.

Askari mwingine angeaga. Najat alichuchumaa akalitazama lile tairi, kisha akamgeukia Twahir.

"Itoe hiyo beringi. Nataka kuiona."

Twahir akafungua tairi, akapulizia mafuta ya kulainisha kutu, akafunga pula, kifaa cha kuvutia beringi, na kukaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wapi! Akaipasha moto, akagonga kwa nyundo. Beringi ikapasuka na gololi zikamwagika, nyekundu kwa kutu. Pete ya ndani ikabaki imeng'ang'ania ekseli.

"Hii ni ya kukatwa kwa grainda tu, afande."

Cheche zikaruka. Pete ikakatika, ikadondoka.

Najat akaiokota. Upande wa ndani ulikuwa umeliwa na kutu. Akaifuta ekseli kwa kitambaa. Ikang'aa, safi kabisa. Akaitazama pete tena.

"Mzee, kutu ingekula vyote viwili. Pete imeoza, ekseli haina hata doa. Vimekaaje pamoja tangu masika?"

Sifaeli akageukia migomba.

"Beringi hii iliozea kwingine. Uliitoa wapi?"

"Kwenye vyuma chakavu, nyuma ya nyumba," alisema hatimaye. "Nikaigongomelea humo ili gari lionekane bovu."

"Baada ya kumgonga Aminieli."

Akaitikia kwa kichwa. Najat alimweleza kwamba ana haki ya kunyamaza. Hakunyamaza.

"Ulikuwa umelewa?"

"Sinywi."

"Mlikuwa na ugomvi?"

"Na Aminieli? Tumeimba kwaya moja tangu ujana."

"Mkono wako ulinipita ulipokuwa ukinisalimia. Unaona vizuri, mzee?"

Sifaeli alikaa juu ya lile tairi. "Daktari alinikataza kuendesha tangu mwaka jana. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Dereva asiyeona, afande, ni nani tena?"

"Endelea."

"Nilidhani nimegonga mbuzi. Nikashuka. Akaniita kwa jina: 'Sifaeli, nishike mkono.'"

"Hospitali ipo hapo juu tu."

"Ningemfikisha, wangeuliza nani alikuwa anaendesha. Nikarudi garini, afande. Nikaliwasha. Alikuwa bado ananiita."