Mtoto Huyu Hana Mapunye

Mimi ni Kaltumi, mama wa Safinah na mke wa Sulaimani, dereva wa lori la polisi. Tunakaa katika kambi ya polisi, Naguru. Kazi yangu ni kusuka nywele. Kila Jumamosi natandika mkeka mbele ya mlango, na wanawake wa kambi wanakuja na watoto wao. Mikono yangu ni myepesi. Ulimi wangu ni mwepesi zaidi, na huo ndio ulioniponza.

Ilikuwa mwaka 1975. Sabuni tuliipangia foleni, sukari tuliisahau. Lakini nywele zinaota hata mwaka wa taabu, kwa hiyo mkeka wangu ulijaa.

Jumamosi moja alikuja Lakot, mtoto wa jirani. Alikuwa na miaka tisa. Baba yake, Ogwal, alikuwa konstebo. Mama yake ni Alanyo. Nyumba zetu zilishikana, ukuta mmoja. Lakot akakaa kati ya magoti yangu, nami nikagawanya nywele kwa chanuo. Nyuma ya sikio nikaona kipara cha mviringo, ukubwa wa kizibo cha soda.

Sikuuliza kitu. Nikasema kwa sauti, wanawake watano wakisikia, "Haya ni mapunye. Ondoka mkekani kwangu kabla hujaambukiza wenzako."

Mtoto akaondoka ameshika kichwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Jumatatu habari ilifika shuleni. Mwalimu akamwambia Lakot aende nyumbani, asirudi mpaka mapunye yapone.

Alanyo alifanya alivyojua. Alimnyoa mtoto, akamsugua kwa majivu. Akampaka dawa ya mapunye aliyoipata kwa shida. Dawa haikusaidia. Kipara cha pili kikatokea, kisha cha tatu. Ndipo akaanza kumpaka mafuta ya taa.

Mafuta ya taa, jamani, juu ya ngozi ya mtoto! Ukuta ulikuwa mwembamba, nilisikia kila kitu. Jioni nilimsikia Lakot akilia. Asubuhi, wenzake wakiwa shuleni, nilimsikia akisoma kitabu chake cha darasa la tatu. Kilikuwa kitabu kimoja tu. Alikisoma mpaka mwisho, akaanza tena. Alifanya hivyo wiki sita, hata mimi nikakijua kwa moyo.

Utauliza kwa nini Alanyo hakuja kwangu kunigombeza. Aliniogopa. Wao ni Walango, sisi ni Wanubi, na Wanubi tulihesabiwa watu wa serikali ya wanajeshi. Miaka ile tulisalimiana vizuri na kunyamaziana vizuri. Ndugu wa Ogwal alichukuliwa na askari mwaka 1972, na hakurudi. Mtu aliyeona hayo hagombani na jirani.

Wiki ya saba nilishindwa kuvumilia. Nikapika uji, nikaubeba, nikapiga hodi. Alanyo alipofungua mlango, uso ulimbadilika.

"Mama Safinah, tumekosa nini tena?" aliuliza.

Hilo neno "tena" lilinichoma. Nikamwambia sikuja kwa ubaya, nimekuja kumwona mtoto.

Lakot alikuwa amekaa pembeni, kitambaa kichwani. Nikamwomba anifungulie. Nikaangalia kama nilivyopaswa kuangalia siku ile ya kwanza. Pale ambapo mafuta ya taa hayakumchoma, ngozi ilikuwa laini kama yai. Hapakuwa na magamba wala usaha. Nikamuuliza kama panawasha. Akasema hapana, kinachomuuma ni mafuta. Nikamuuliza Alanyo mtoto analala na nani. Akasema analala na wadogo zake wawili, kichwa kwa kichwa, mto mmoja.

"Na wao wamepata?"

"Hapana."

Nikakaa chini. Mapunye gani haya, wiki saba juu ya mto mmoja, yasimrukie mwingine? Mimi niliyejiita fundi wa vichwa nilikuwa nimesema nisilolijua.

Kesho yake tulikwenda zahanati, mimi, Alanyo, mtoto, na Ogwal mwenyewe katika yunifomu. Muuguzi pale aliitwa Sista Joska, mama wa makamo asiye na haraka. Alimsogeza Lakot dirishani penye mwanga, akavipapasa vile vipara kwa mikono mitupu, bila kinyaa. Lakot akafumba macho. Kisha Sista alikwangua ngozi kidogo, akaenda kuitazama kwa hadubini. Tulingoja.

"Mtoto huyu hana mapunye," alisema aliporudi. "Mapunye yanawasha, yana magamba, nywele zinakatikakatika, na yanaambukiza. Huu ni ugonjwa mwingine. Hauambukizi mtu hata kidogo. Hauletwi na uchafu, wala chanuo, wala uchawi."

Alanyo akauliza unaletwa na nini basi.

"Mwili una askari wake," Sista alisema. "Kazi yao ni kupigana na vijidudu vya magonjwa. Madaktari wengi wanaamini kwamba kwa watoto kama Lakot askari hao wanakosea. Wanaziona nywele kama adui. Wanazishambulia kwenye mizizi, nazo zinaanguka. Nywele zenyewe hazina kosa lolote."

Ogwal alikuwa akitazama kofia yake mikononi.

"Askari wanamkamata asiye na kosa," alisema polepole.

Sista akatupa jicho mlangoni. "Afande, mimi nasema habari za mwili."

"Nimesikia, Sista. Za mwili." Akaigeuza kofia. "Na zikishaanguka, zinarudi?"

"Nywele, ndiyo," Sista akasema. "Mara nyingi zinarudi."

Alanyo alimshika mumewe mkono. Mimi nilikaa pale, mke wa Mnubi, sijui nitazame wapi. Nilimwonea Ogwal huruma, na haya ikanishika.

Sista akatueleza mengine taratibu. Mizizi ya nywele haijafa, imesimamishwa tu. Kwa watoto wengi nywele huota tena baada ya miezi kadhaa, hata bila dawa. Mara nyingi huanza nyeupe, kisha huwa nyeusi. Zinaweza kuanguka tena siku nyingine. Kwa wachache hazirudi zote, na hilo alilisema wazi, hakutuficha. Vipara vikiongezeka sana, tumpeleke kwa daktari wa ngozi katika hospitali kubwa. Mafuta ya taa yakome leo hii, kwa sababu yanaunguza ngozi. Juani mtoto afunge kitambaa. Na shuleni aende.

"Kipara hakimuumi," alisema. "Kinachomuuma ni kukimbiwa."

Aliandika barua, na mwalimu akaikubali. Lakini wazazi wakasema Kaltumi msusi ndiye aliyesema ni mapunye, na msusi ndiye anayejua vichwa, barua inajua nini? Watoto wakalihama benchi la Lakot. Mchana alirudi nyumbani, akasema haendi tena. Ulimi wangu ulikuwa umeishinda barua ya Sista.

Sulaimani alinishauri nikae kimya, watu watasahau. Nikamwambia watu wanasahau lakini mtoto hasahau. Ijumaa nikaenda kwa Lakot. Nikamweleza ninachotaka kufanya, na kwamba akikataa sitakasirika. Alifikiri sana. Kisha akakubali.

Jumamosi mkeka ulijaa kama kawaida. Lakot akaja, akakaa kati ya magoti yangu, akafungua kitambaa mwenyewe. Mazungumzo yakakatika.

"Siku ile nilisema mtoto huyu ana mapunye," nikawaambia. "Nilikosea. Sikumwangalia vizuri, nikasema tu. Mmemkimbia kwa sababu ya maneno yangu."

Sijazoea kusema hivyo mbele ya watu. Nikawaeleza yote aliyoyasema Sista Joska. Kisha nikainama, nikaweka shavu langu juu ya kipara chake. Nikamwita binti yangu Safinah akae naye bega kwa bega.

Julienne, jirani yetu Mkongo, ndiye aliyeuliza kama na wao wanaweza kumgusa. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Lakot akaitikia kwa kichwa. Julienne akapitisha vidole taratibu, na Lakot akacheka kwa sababu alitekenywa. Baada ya yeye wakaja wengine. Alanyo alikuwa amesimama mlangoni kwake, akijifuta machozi kwa leso.

Jumatatu Lakot na Safinah walikwenda shule pamoja, wakakaa benchi moja.

Vidonda vya mafuta ya taa vilipona. Mwezi wa tatu baada ya kwenda zahanati, nywele nyembamba zikatokea, nyeupe kama pamba. Alanyo alishtuka, akanigongea ukutani, nikamkumbusha maneno ya Sista. Baadaye zikawa nyeusi. Vipara viwili vilijaa. Cha nyuma ya sikio kilikataa, kiko vilevile.

Mwaka uliofuata, kabla ya sikukuu ya Krismasi, Lakot alikuja kusukwa. Nikamwambia nitazilaza nywele upande mmoja ili kile kipara kifunikwe.

"Usijisumbue, Mama Safinah," akasema. "Gawanya tu. Watu wanajua ni nini."

Nikagawanya.