Maboksi Manne Yaliyochaguliwa

Mama mwenye kiwanda cha nguo alihesabu maboksi mara mbili, kisha akakaa juu ya turubai. Manne hayakuwepo. Kufuli la ghala lilikuwa zima, limefungwa vizuri kama jana jioni.

Funguo zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao mlinzi, mwingine mwenye ghala, mdogo wa marehemu mume wa yule mama. Kufikia saa tatu asubuhi mlinzi alikuwa ndani ya gari la polisi, mikono imefungwa. Askari walimsubiri mpelelezi wa bima tu, waondoke naye.

Mpelelezi huyo walimwita Bi Pole kwa jinsi alivyozungumza. Alianzia garini.

"Ulilala, mzee?"

"Nilisinzia, mwanangu, sikufichi. Lakini ufunguo ulikuwa shingoni, na bado uko shingoni."

Ndani, Bi Pole aliomba hati ya bima. Ilisema kwa ufupi: mashine za kushonea, maboksi arobaini.

"Mbona haitaji aina?"

"Benki waliikubali hivyo hivyo," mama akajibu, "mradi isipingane na barua yao ya kumlipa muuzaji. Aina zimo kwenye hiyo barua, pamoja na namba za maboksi ya kila aina. Mimi mwenyewe sikutaka zijulikane. Watu wangeniiga kabla sijashona hata shati moja."

"Barua ameiona nani?"

"Hakuna. Iko kabatini, chumbani kwangu."

"Na shemeji yako?"

"Nilimpa hati ya bima tu. Ndiyo anayodai kabla ya kupokea mzigo."

Bi Pole aliyazunguka maboksi. Yote yalifanana, ya kaki, yenye namba tu ubavuni. Namba zilizokosekana hazikufuatana. Boksi moja lilikuwa limetolewa chini kabisa ya rundo, na maboksi ya juu yakapangwa upya.

Shemeji akaingia akipangusa jasho.

"Dada, msihangaike. Huyo mzee ametumwa. Mashine ya kudarizi mlinzi ataifanyia nini? Adarizi koti lake la zamu?" Akacheka peke yake.

Mama akainua uso. Yale manne ndiyo pekee yaliyokuwa ya kudarizi.

"Nani kasema ni za kudarizi?" Bi Pole aliuliza.

"Si... si imeandikwa kwenye bima?"

Bi Pole akampa hati. "Nisomee."

Shemeji aliisoma mpaka chini, akaigeuza nyuma, akairudisha.

"Basi nimebahatisha."

"Na aliyelifuata boksi la chini kabisa, naye kabahatisha?"

"Jumapili," mama akasema taratibu, "ulikuja kunitengenezea bomba la chumbani. Nikakuacha peke yako, nikaenda kukupikia."

Shemeji alitazama sakafu.

"Kaka alipofariki nilipata nini? Ghala bovu na panya wake. Mashine ya kwanza ya kile kiwanda niliibeba mimi, shemeji. Kichwani!"

"Ndiyo mzee wa watu akafungwe?" mama akauliza.



"Ziko wapi?" akauliza Bi Pole.

"Kwa mama yangu. Chini ya kitanda."

"Mama mkwe anajua?" mama alishtuka.

"Anadhani umemtumia zawadi."

Askari walimfungua mmoja, wakampakia mwingine. Mlinzi alisugua viganja, akavua ufunguo shingoni na kuuinua.

"Bosi ndiye huyo anaondoka. Huu nimkabidhi nani?"

Mama akausukuma kwake.

"Kaa nao, mzee. Ila leo usisinzie."